Nani Amemsikia Goro?

Huko Tosa, Japani, mbwa wa kupiganishwa haruhusiwi kulia. Akilia, hata mara moja, hata kwa kujisahau, ameshindwa, na pambano linakomeshwa hapo hapo. Mwamuzi haangalii damu, anasikiliza. Mbwa anaweza kuchanwa masikio, anaweza kung'atwa uso mpaka usijue jicho liko wapi, na maadamu amenyamaza watu watatikisa vichwa kwa heshima na kusema, huyo ndiye mbwa. Lipo na sharti jingine, kwamba mbwa akigeuza mgongo na kurudi hatua tatu naye ameshindwa. Lakini mbwa aliyelaliwa chini na mwenzake wa kilo sabini atarudi wapi? Kwa hiyo sharti lenyewe hasa lilikuwa moja, la kunyamaza.

Bi Tokie Hamada alilijua sharti hilo tangu utotoni, kama kila mtu wa kitongoji cha Nanakubo, na kwa miaka sitini na minane halikumkosesha usingizi. Alikuwa mjane, analima tangawizi nyuma ya nyumba yake, hana makuu. Marehemu mumewe alikuwa mpenzi wa mapigano hayo, na Bi Tokie ndiye aliyekuwa akimfungia chakula cha kwenda nacho. Mtu akikuambia Bi Tokie hakujua kinachotendeka mle uwanjani, usimwamini. Alijua, ila hakuwa amekaa akalifikiria, na watu wazima tuna tabia ya kujisamehe kutofikiria kwa kudai kutojua.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Genzo Okabayashi, mpiga lipu aliyestaafu, mfupi, mnene wa shingo, mwenye maneno machache. Mke wa Genzo alikwisha kufariki, na watoto wake wako Osaka, wanapiga simu mwaka mpya. Aliyebaki naye ni Goro, mbwa wa rangi ya kutu mwenye kichwa kikubwa kama ndoo. Genzo alimpikia wali na dagaa, akampasulia yai juu yake, akampangusa midomo kwa taulo lake mwenyewe. Majira ya baridi alimlaza ndani, pale mlangoni wanapovulia viatu, na yeye mwenyewe akajivutia godoro karibu na kizingiti. Halafu mara nne kwa mwaka alimpeleka akang'atwe. Ukimuuliza, angekuambia anampenda, na asingekuwa anadanganya. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi, kwamba hakuwa anadanganya.

Sasa, kosa lilikuwa hivi.

Mwaka mmoja, mwezi wa nne, Goro alikuwa akibweka kila alfajiri Genzo anapofungua madirisha. Sauti yake ilikuwa nzito, inatetemesha vikombe. Bi Tokie angeweza kwenda mlango wa pili akasema, Genzo, mbwa wako ananiamsha. Lakini Nanakubo mtu hamwambii jirani neno kama hilo usoni. Kuna ubao. Ubao ule ni wa kubania karatasi za matangazo, unatoka kwa mwenyekiti wa mtaa na kuzunguka nyumba zote kumi na mbili. Kila nyumba inasoma, inapiga muhuri wake mwekundu mbele ya jina, inaupeleka nyumba inayofuata. Siku ya takataka, msiba, kufyeka mifereji, yote yanapita humo. Bi Tokie akaandika kikaratasi, bila jina la mtu, kwa adabu zote: "Tunaofuga wanyama tunaombwa kuwajali majirani kuhusu sauti za alfajiri." Kitongoji kizima kilikuwa na mbwa mmoja na paka wawili, kwa hiyo hapakuwa na fumbo.

Nyumba zote zilipiga muhuri. Muhuri ule maana yake ni "nimesoma", basi. Watu wanaupiga huku wanakoroga supu. Lakini nyumba ya Genzo ndiyo ya mwisho kwenye mzunguko, na ubao ulipomfikia alikuta mihuri kumi na moja myekundu imejipanga chini ya karatasi ile. Yeye aliona watu kumi na mmoja waliochoshwa naye.

Wiki mbili baadaye kelele zikakoma. Genzo alipita nyumba kwa nyumba, ameinamisha kichwa, na kila nyumba akaacha boksi la halua ya maharagwe mekundu. "Samahani kwa usumbufu niliowapa," alisema, na watu wakamjibu, aa, Genzo, usumbufu gani tena, na wakapokea. Bi Tokie alikata halua yake vipande sita akaila na chai kwa siku tatu. Ilikuwa nzuri, ya duka la mjini. Alilala mpaka saa moja asubuhi na akajisemea kwamba maneno yakiandikwa vizuri yanasikika.

Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo. Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatatu, Bi Tokie alikwisha kung'oa tangawizi mpya, akampelekea Genzo kikapu. Goro alikuwa uani amefungwa kwenye nguzo. Alipomwona Bi Tokie alisimama, akanyanyua kichwa, akafungua kinywa na kusukuma kifua chote mbele kama mbwa anayebweka. Kilichotoka ni upepo, mlio mwembamba wa pampu ya baiskeli iliyotoboka.

"Genzo, huyu ana nini kooni?"

"Hana kitu."

"Mbona anapumua hivyo?"

"Anabweka huyo," Genzo alisema. "Anakusalimu."

Bi Tokie aliweka kikapu chini. Chini ya shingo ya mbwa, manyoya yalikuwa yameota upya kwa rangi hafifu, mstari mmoja ulionyooka.

"Nani kamfanya hivi?"

"Yuko mtu ng'ambo ya mlima anaijua kazi hiyo. Haikuchukua hata saa nzima." Genzo aliichukua tangawizi moja, akainusa. "Mwaka huu imekubali, dada. Imenona."

"Genzo! Nakuuliza kwa nini!"

"Si mliandika wenyewe?" Hakupandisha sauti. "Mihuri kumi na moja. Niliisoma mmoja mmoja."

"Lo, Genzo! Muhuri ni wa kusoma tu! Watu wanapiga muhuri hata kwenye tangazo la chupa tupu!"

"Na mimi nikasoma."

Bi Tokie akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikumbuka halua. Goro alimsogelea mpaka mnyororo ukakaza, akamwekea kichwa gotini, uzito wote, huku anaendelea kumsalimu kwa ule upepo wake. Masikio yote mawili yalikuwa na makovu, na juu ya pua palikuwa na kidonda kibichi.

"Hiki cha lini?"

"Mbwa wadogo wa klabu ya mapigano wanamtumia kujifunzia. Wanamng'ata ng'ata wapate moyo. Ameshakuwa mzee, miaka minane." Genzo akatabasamu kidogo, tabasamu la mzazi. "Lakini Jumapili anacheza mwenyewe. Kwenye sherehe ya mtaa, uwanja wetu. Na mbwa wa Mizobuchi."

Mizobuchi alikuwa mkuu wa klabu ya mjini, na mbwa wake ana miaka mitatu.

"Atakufa," alisema Bi Tokie.

"Goro hajalia hata siku moja maishani mwake."

"Hawezi kulia, Genzo! Hana sauti ya kulilia!"

"Hilo tunalijua mimi na wewe." Hapo akageuza uso. Tangu koo lile likatwe, Goro alikuwa ameshinda mara mbili, mbwa wa watu wakichoka kwa kung'ata kitu kisicholia. Klabuni walikwisha kumpa jina, walimwita Jiwe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu walikuwa wakimpisha Genzo Okabayashi kiti. "Nikisema, watasema nimewalaghai. Nitaiweka wapi sura yangu, dada?"

"Na akilaliwa chini? Utajuaje kama ameshindwa?"

Genzo alimkuna mbwa nyuma ya sikio.

Bi Tokie hakusubiri hata kesho. Alipiga simu polisi wa mjini. Kijana mmoja mwenye adabu akamwambia mkoa hauna amri ya kukataza, na mbwa ni wa mwenyewe. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kataoka, aliyekuwa tarishi zamani na sasa kiziwi nusu, mwenye kidude cha kusikilizia kinachopiga mluzi kila akigeuka.

"Sema polepole, Bi Tokie. Kidude changu betri imekwisha."

"Nasema uwanja ni wetu!" alipiga kelele Bi Tokie. "Wa nyumba kumi na mbili! Tusiwape klabu!"

"Tunawapa kila mwaka."

"Mwaka huu tusiwape! Goro amekatwa sauti, watamuua pale mbele ya watoto wanaokula pipi!"

Mke wa mzee jikoni aliacha kuosha vyombo. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kweli hilo?"

"Nimemshika shingo kwa mkono wangu huu."

"Masikini. Lakini Mizobuchi ndiye anayetuletea hema na viti vya sherehe. Na Genzo tutamwaibisha. Mimi ni mwenyekiti, siwezi kuwa na upande. Weka kwenye ubao, watu waamue."

Usiku huo aliandika, na safari hii aliandika jina lake. "Mwaka jana mimi, Tokie Hamada, ndiye niliyelalamikia sauti ya Goro. Kwa sababu ya karatasi yangu alikatwa sauti. Sasa hawezi kulia, na asiyelia hatolewi uwanjani. Naomba uwanja wetu usitumike Jumapili. Muhuri hapa si wa kusoma. Ni wa kukubali."

Ubao ukaondoka kwa Mzee Kataoka Jumanne asubuhi. Jumatano haukuonekana. Alhamisi aliuona kwa mbali ukiwa kwapani mwa mtu, unavushwa barabara haraka haraka kama kitu cha moto. Siku ya Ijumaa akashindwa kuvumilia, akaenda duka la Fumi, nyumba inayotangulia yake kwenye mzunguko. Fumi aliuza tofu, vileo na maneno ya watu.

"Ubao? Uko hapa," alisema Fumi, akaufukua chini ya rundo la magazeti. "Nilikuwa naulea."

Bi Tokie aliangalia. Majina kumi yalikuwa yamejipanga na mbele ya kila jina palikuwa peupe. Hata muhuri wa Mzee Kataoka haukuwepo. Miaka yote aliyoishi Nanakubo hajawahi kuona karatasi iliyopita nyumba kumi bila tone la wino. Kama watu wangeandika "hapana" ingemuuma kidogo. Hii ilikuwa kana kwamba hakuna aliyesoma.

"Mbona hukupiga, Fumi?"

"Wewe nawe, unataka tung'atane sisi badala ya mbwa? Genzo ananunua kwangu, Mizobuchi ananunua kwangu. Jumapili natakiwa vifurushi themanini vya chakula."

"Umesoma lakini."

"Nimesoma, nimelia, nimejipangusa." Kweli macho yake yalikuwa mekundu, au labda ni mvuke wa tofu. "Nionyeshe mmoja aliyepiga, Bi Tokie. Mmoja tu. Wa pili nitakuwa mimi, nakuapia. Lakini kuanza? Mimi siyo mtu wa kuanza."

Bi Tokie alitoa muhuri wake mfukoni, akaupiga pale pale juu ya meza ya duka. Fumi aliutazama muda mrefu, kisha akaitwa na mteja, akaenda.

Bado ilibaki nyumba moja. Alimkuta Genzo uani, anamfuta Goro mwili mzima kwa taulo la maji ya moto. Ile nguo nzito ya sherehe yenye nyuzi za dhahabu, ambayo mbwa hufungwa kiunoni kama wanamieleka, ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Bi Tokie alimnyooshea ubao. Genzo alipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopokea siku zote, akaingia nao ndani na kufunga mlango.

Jumapili jua lilikuwa zuri. Hema la Mizobuchi lilisimama katikati ya uwanja wa mtaa na chini yake duara la vyuma la kupiganishia mbwa, limefika kiunoni mwa mtu. Wanaume walikaa kwenye mikeka wanakunywa, wanakula samaki waliobabuliwa kwa moto wa mabua ya mpunga. Watu wa Nanakubo walikuwepo wote, maana sherehe ni yao, na wote walikuwa na kazi ya ghafla ya kutazama pembeni Bi Tokie alipopita. Mzee Kataoka peke yake ndiye aliyemvuta mkono.

"Ubao umerudi kwangu asubuhi. Una mihuri miwili. Wako, na wa Genzo."

"Genzo kapiga?"

"Kapiga. Sijui kwa kusoma, sijui kwa kukubali. Yule hajawahi kuupitisha ubao bila muhuri. Mwenye mbwa kapiga, Bi Tokie, na mimi sikupiga."

Waliwaingiza. Mbwa wa Mizobuchi alikuwa mweusi, kijana, anang'aa kama kiatu kipya. Goro alikuja na nguo yake ya dhahabu, anatembea taratibu, akiwaangalia watu anaowajua mmoja mmoja. Alipomwona Bi Tokie alifungua kinywa akamsalimu. Watu wa klabu walicheka: "Jiwe linapiga miayo! Okabayashi, hukumlaza?" Genzo alimvua nguo, akaikunja mara nne, akaikumbatia kifuani.

Dakika tano za mwanzo Goro alijua anachofanya. Mbwa mzee anajua kupunguza hatua. Baadaye yule mweusi akampata shavuni, akamzungusha, miguu ikamteleza na akaanguka ubavu. Mweusi akapanda juu. Mwamuzi, mwenye koti fupi la sherehe, alipiga magoti kando ya vichwa vyao na kutega sikio, mkono mmoja umenyanyuliwa tayari kulikomesha pambano.

Uwanja ulinyamaza ili yeye asikie. Na Bi Tokie akasikia. Ule upepo, si ule wa salamu, mwingine, mfupi mfupi, unakatika na kuanza. Kinywa cha Goro kilikuwa wazi kabisa, na ulimi umeshika mchanga.

"Dume hilo," mtu mmoja alinong'ona nyuma yake. "Angalia, hata kuguna haguni."

"Analia!" Bi Tokie aliisikia sauti yake mwenyewe kabla hajajua amesimama. "Mwamuzi, analia huyo! Komesha!"

Vichwa vikageuka. Mwamuzi alimtazama, akainamia tena mbwa, akasikiliza kwa makini. Alikuwa mtu wa haki, kwa kipimo cha kazi yake. "Sijasikia kitu, bibi."

"Nimemsikia mimi!"

"Bibi kalewa," Mizobuchi alisema bila hasira, na watu wakacheka. "Mpeni chai."

Mweusi alibadilisha mahali pa kung'ata. Neno lenyewe lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Bi Tokie, kwamba amekatwa, hana sauti, mnamuua bubu, na alimtazama Genzo upande wa pili wa vyuma kabla hajalitamka. Genzo alikuwa amefumba macho. Uso wake wote ulikuwa umebanwa kwenye ile nguo ya dhahabu.

"Nimesikia na mimi."

Aliyesema alikuwa Mzee Kataoka. Alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kidude cha sikioni.

Safari hii kicheko kilizunguka hema zima. "Mzee, wewe kengele ya mlango husikii! Wewe mkeo anakuita kwa fimbo!"

"Nimesikia," alisema mzee, analia. "Mbwa amelia. Nimemsikia vizuri."

"Na mimi nimemsikia." Fumi alitua trei ya chakula chini, vifurushi vikamwagika. "Wa tatu mimi. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili!"

Halafu hawakuwa wakingojeana tena. Fundi wa baiskeli aliinuka. Mwalimu mstaafu na mkewe waliinuka. Wale waliouvusha ubao barabarani kama moto waliinuka, mmoja hapa mmoja kule, kila mtu anasema nimesikia, nimesikia, wengine wamekunja ngumi, wengine hawawezi kuinua macho kutoka ardhini. Watu wa klabu walikoma kucheka. Mwamuzi aliangalia duara zima la nyuso, na mkono wake ulikuwa bado hewani, haujui uende wapi.

"Mwenye mbwa," alisema mwishoni. "Okabayashi. Amelia, hakulia?"

Genzo alifungua macho.

"Amelia," alisema.

Mkono ukashuka. Vijana waliruka ndani, wakamshika yule mweusi miguu ya nyuma, wakambandua. Genzo alikwisha kupanda vyuma, mtu wa miaka sitini na sita, akaangukia magoti.

"Okabayashi, Jiwe halijawahi kulia," Mizobuchi alisema. "Unanidanganya kwa sababu ya vibibi hivi?"

"Amekuwa akilia tangu mwaka jana," Genzo alisema. "Nilimkatisha sauti mimi. Njoo usikilize, njoo karibu. Kila siku analia."

Hakuna aliyekwenda kusikiliza.

Walimpakia Goro kwenye kigari cha Genzo cha mizigo, juu ya ile nguo. Fundi wa baiskeli aliendesha. Genzo na Bi Tokie walikaa nyuma, mbwa katikati, kichwa kwenye mapaja ya mmoja na miguu kwenye mapaja ya mwingine. Bi Tokie alikandamiza jeraha kwa aproni yake, akahesabu madaraja, maana daktari wa wanyama yuko baada ya daraja la nne. Goro alikata roho baada ya la pili. Walijua kwa sababu ule upepo ulikoma, na kigari kikawa na sauti ya injini peke yake. Hawakumwambia dereva asimame. Daktari alitoka na ndala, akagusa, akainama, akawaacha wakae pale uani kwake kadiri walivyotaka.

Wiki ile majirani walikwenda kwa Genzo mmoja mmoja, na kila mmoja, kwa kukosa la kufanya, alibeba boksi la halua. Bi Tokie aliyaona mlangoni kwake Genzo yamepangwa, kumi, hayajafunguliwa. Yeye hakupeleka. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, siku zote sasa, anakaa kitandani na kusikiliza ule utulivu aliouomba kwa maandishi.

Jumamosi Mzee Kataoka alitoa karatasi mpya, kwa mwandiko wake wa kitarishi. Uwanja wa Nanakubo hautatolewa tena kwa mapigano ya mbwa, mwaka huu wala mwaka wowote. Hema na viti vya klabu virudishwe. Duka la Fumi halitauza chakula wala kileo kwenye mapigano popote yatakapokuwa. Atakayesikia mbwa anaandaliwa, au mbwa anateseka, aende kugonga mlango, kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake. Safari hii ubao haukukaa siku nne. Ulizunguka asubuhi moja, na ulipofika kwa Bi Tokie wino wa Fumi ulikuwa haujakauka. Akapiga wake. Akaupeleka mlango wa pili.

Genzo alisoma amesimama, karatasi ikiwa mbali na macho, mpaka mwisho, kisha akaanza tena juu. Uani nguzo ilikuwa bado imesimama na bakuli liko chini yake, limeoshwa. Aliingia ndani akatoka na muhuri. Akaupuliza kwa pumzi, kama watu wanavyofanya wino ukiwa mkavu, na mlio wa pumzi ile ukawafanya wote wawili watazame chini.

"Dada," alisema. "Huu ni wa kusoma, au wa kukubali?"

"Wa kukubali, Genzo."

Akakandamiza kwa uzito wake wote, akaushikilia pale muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipounyanyua, aligeuza ubao amwonyeshe Bi Tokie, ili awe na hakika kwamba ameona.